Usanidi nje ya WAR: programu ya Java itajuaje faili lake lilipo?

Programu ya wavuti iliyoandikwa kwa Java kwa kawaida hufika kwenye seva ikiwa faili moja tu lenye kiendelezi cha .war. Faili hilo ni zip ya kawaida iliyopangwa kwa utaratibu unaotambuliwa na seva zote za aina hiyo: klasi zilizokusanywa (yaani msimbo uliokwisha kutafsiriwa ili Java iuendeshe) hukaa ndani ya WEB-INF/classes, maktaba hukaa ndani ya WEB-INF/lib, na maelezo ya programu yenyewe hukaa katika WEB-INF/web.xml. Mpangilio huo humwezesha msimamizi wa seva kulichukua faili, kuliweka mahali pake, na programu ikaanza kazi bila yeye kujua lolote kuhusu yaliyomo. Matatizo huanza pale programu inapohitaji mambo ambayo aliyeifungasha hakuweza kuyajua, au hakupaswa kuyajua: anwani ya hifadhidata, nywila yake, folda ya kuwekea nyaraka za watumiaji, seva ya barua pepe, ufunguo wa kuingilia mfumo wa malipo.

Njia ya mkato inayotumiwa na wengi ni kuziweka thamani hizo katika faili la .properties, yaani faili la maandishi lenye majina na thamani zake, ndani ya WEB-INF/classes, kisha kutengeneza WAR moja kwa ajili ya majaribio na nyingine kwa ajili ya matumizi halisi. Maven, zana ya kukusanya na kufungasha programu za Java, ina profaili zinazorahisisha jambo hilo, na kwa sababu ni rahisi, watu hulifanya miaka nenda miaka rudi. Gharama yake haionekani siku ya kwanza. Kifurushi kilichopimwa na wajaribu si kile kinachokwenda kwa watumiaji, kwa kuwa kati ya hivyo viwili kuna ukusanyaji mwingine uliofanyika baadaye, pengine ukiwa na toleo jingine la maktaba fulani. Zaidi ya hayo, nywila ya hifadhidata halisi huingia kwenye hazina ya Git inayotunza matoleo ya msimbo, ikanakiliwa kwenye kompyuta ya kila msanidi, na kubaki katika historia hata baada ya kufutwa kwenye faili.

Wengine huacha kifurushi kimoja, kisha hurekebisha faili la usanidi pale pale kwenye seva. Tomcat, moja ya seva za programu za wavuti za Java, ikiachwa na mipangilio yake ya awali, huifungua WAR na kuitandaza kama folda ndani ya webapps, hivyo, tuseme programu inaitwa mauzo, msimamizi huingia webapps/mauzo/WEB-INF/classes, akabadilisha anwani, akaiwasha programu upya, na kila kitu kikaenda vizuri. Hali hiyo hudumu hadi toleo jipya litakapoletwa. Tomcat inapoona WAR imebadilika, huiondoa folda iliyotandazwa na kutandaza nyingine kutoka kwenye kifurushi kipya, na marekebisho yote ya mkono hupotea bila onyo lolote. Isitoshe, hakuna sheria inayoilazimisha seva kuitandaza WAR: pale ambapo haitandazwi, wito wa getRealPath hurudisha null, na msimbo uliotegemea kupata njia halisi ya faili kwenye diski huanguka.

Kwa hiyo wazo la kuliweka faili nje ya kifurushi halina mpinzani mkubwa. Penye ugumu ni swali linalofuata, ambalo maelezo mengi hulipita haraka: faili likishakaa nje, programu itajuaje lilipo? Njia ya faili hilo nayo ni usanidi, na ikiandikwa ndani ya msimbo tutakuwa tumelihamisha tatizo badala ya kuliondoa. Kila mbinu itakayoelezwa hapa chini ni jibu kwa swali hilo moja, na tofauti kati yake hutokana na nani ana mamlaka juu ya seva na ni nakala ngapi za programu zinazoendeshwa humo.

Kabla ya kufika huko, ni vyema kukubaliana kuhusu kinachopaswa kutoka. Si kila faili lenye kiendelezi cha .properties au .xml linastahili kuhamishwa. Kipimo changu ni hiki: thamani ikiwa inatofautiana kati ya seva na seva, au ikiwa ni siri, itoke, ikiwa inabadilika tu pale msimbo unapobadilika, ibaki ndani. Ramani ya njia za wavuti, tafsiri za ujumbe wa skrini, maelezo ya namna klasi zinavyooana na majedwali ya hifadhidata, vyote hivi ni sehemu ya programu hata kama vimeandikwa kwenye mafaili ya maandishi. Ukivitoa nje, msimamizi atajikuta na toleo jipya la msimbo linalosoma toleo la zamani la ramani, na makosa ya namna hiyo ni magumu sana kuyafuatilia.

Njia nyepesi kuliko zote ni kukubaliana juu ya mahali maalumu, kwa mfano /etc/mauzo/mauzo.properties. Mpangilio wa kawaida wa mafaili ya Linux umetenga /etc kwa usanidi wa mashine husika, kwa hiyo msimamizi yeyote atalitafuta hapo kabla ya kwingine. Kwa programu moja kwenye seva moja, sioni ubaya wowote katika mbinu hii, mradi iwepo njia ya kuibadilisha mahali pengine panapohitajika, kwa kuwa kompyuta ya msanidi inayotumia Windows haina /etc. Kinachopaswa kuepukwa kabisa ni njia isiyo kamili. Msimbo unaofungua faili kwa jina tupu la mauzo.properties hulitafuta katika folda ambamo mashine pepe ya Java (programu inayoendesha msimbo wa Java) iliwashiwa, na folda hiyo haina uhusiano wowote na mahali WAR ilipo. Mtu akiiwasha Tomcat kwa mkono akiwa ndani ya bin, faili litatafutwa humo. Systemd, inayosimamia huduma kwenye Linux, ikiiwasha kama huduma ya mfumo bila kuambiwa folda ya kazi, litatafutwa kwenye mzizi wa diski.

Hatua inayofuata ni kuitaja njia kwa sifa ya mfumo, yaani kigezo kinachopewa mashine pepe ya Java inapowashwa, kama vile -Dmauzo.usanidi=/etc/mauzo/mauzo.properties, kisha msimbo ukaisoma kwa System.getProperty. Katika Tomcat mahali pake ni faili la setenv.sh ndani ya folda ya bin. Faili hili haliji na Tomcat. Msimamizi hulitengeneza mwenyewe, na catalina.sh hulisoma likiwepo. Kigezo kiwekwe katika CATALINA_OPTS badala ya JAVA_OPTS, kwa sababu ya kwanza hutumika wakati wa kuwasha tu, ilhali ya pili hutumika hata kwenye amri ya kuzima. Anayeiendesha Tomcat kama huduma ya Windows ajue kwamba huduma hiyo haisomi setenv.bat inapowaka, vigezo vyake huwekwa kupitia dirisha la mipangilio ya huduma, kwenye sehemu ya Java. Vigeu vya mazingira, vinavyosomwa kwa System.getenv, hufanya kazi ileile na hupendelewa pale programu inapoendeshwa ndani ya konteina, yaani kifurushi kinachojitenga chenye programu na vyote inavyohitaji, kwa kuwa mifumo yote ya konteina ina njia ya kuvitaja.

Sifa za mfumo na vigeu vya mazingira vina kasoro moja inayofanana: ni mali ya mashine pepe nzima. Tuseme WAR ileile inasakinishwa mara mbili kwenye Tomcat moja, mara ya kwanza kama kaskazini.war na mara ya pili kama kusini.war, kila moja ikiwa na hifadhidata yake. Zote mbili zitauliza mauzo.usanidi na zote zitapewa jibu moja. Mtu anaweza kuunda jina la sifa kwa kutumia njia ya muktadha, yaani sehemu ya anwani inayoitambulisha programu, ili moja isome kaskazini.usanidi na nyingine kusini.usanidi, na hilo litafanya kazi, lakini Java ina utaratibu uliotengenezwa makusudi kwa hali hii. Utaratibu huo ni JNDI, saraka ya majina ambamo kila programu ina tawi lake chini ya java:comp/env. Katika Tomcat, msimamizi huandika faili la muktadha lenye jina la programu, conf/Catalina/localhost/kaskazini.xml, na ndani yake huweka hivi:

```xml
<Context>
  <Environment name="njiaYaUsanidi"
               value="/etc/mauzo/kaskazini.properties"
               type="java.lang.String"
               override="false"/>
</Context>
```

Programu nayo huuliza jina hilo bila kujua ni nani aliyelijibu:

```java
Context tawi = (Context) new InitialContext().lookup("java:comp/env");
String njia = (String) tawi.lookup("njiaYaUsanidi");
Properties usanidi = new Properties();
try (Reader msomaji = Files.newBufferedReader(
        Paths.get(njia), StandardCharsets.UTF_8)) {
    usanidi.load(msomaji);
}
```

Sifa ya override katika mfano huo si pambo. Isipoandikwa, huchukuliwa kuwa true, na maana yake ni kwamba ikiwa web.xml iliyo ndani ya kifurushi ina env-entry (ingizo la thamani ya JNDI) yenye jina hilohilo, thamani ya kifurushi ndiyo itakayoshinda ile iliyowekwa na msimamizi. Huo ni mpangilio unaokwenda kinyume kabisa na matarajio ya mtu aliyekuja kwenye JNDI ili kuipa seva kauli ya mwisho, na anayekutana nao kwa mara ya kwanza anaweza kupoteza saa nyingi akihariri faili ambalo thamani yake haifiki popote.

Faili la muktadha lina hatari yake nyingine. WAR ikifutwa kutoka webapps wakati Tomcat inafanya kazi, seva hulichukulia tendo hilo kuwa amri ya kuiondoa programu, na pamoja na folda iliyotandazwa huliondoa pia faili la muktadha lililo chini ya conf. Msimamizi mwenye mazoea ya kufuta toleo la zamani kwanza, kisha kuleta jipya, atajikuta ameufuta usanidi wake kwa mkono mmoja na WAR. Dawa ni kuizima seva kabla ya kubadilisha kifurushi, na kwa vyovyote vile kutunza nakala ya faili la muktadha mahali pengine. Kwa upande mwingine, likiwapo faili hilo chini ya conf, lile la META-INF/context.xml lililofungashwa ndani ya WAR hupuuzwa lote, kwa hiyo mtu asitarajie yaunganishwe.

Kwa hifadhidata hasa, JNDI huenda mbali zaidi. Badala ya kuipa programu njia ya faili lenye nywila, msimamizi anaweza kuandaa chanzo cha miunganisho katika faili la muktadha kwa kutumia Resource, na programu ikapewa chanzo hicho kikiwa tayari. Msimbo hauioni nywila hata kidogo. Sharti moja ni kwamba kiendeshi cha JDBC, yaani maktaba inayoiunganisha Java na hifadhidata, kiwe kwenye folda ya lib ya Tomcat yenyewe, kwa sababu seva ndiyo inayofungua miunganisho na haiwezi kukichukua kutoka ndani ya WAR. Binafsi naona hii ndiyo njia safi kuliko zote kwa taasisi ambako wasanidi na wasimamizi wa seva ni watu tofauti, ingawa wasanidi wengi wa siku hizi huiona kuwa ya kizamani.

Kuna hali ambapo msimbo hauwezi kubadilishwa: programu imenunuliwa, au maktaba fulani inalitafuta faili lake kwenye njia ya klasi (classpath, yaani mahali Java inapotafuta klasi na mafaili yake) na si kwingineko. Hapo inabidi folda ya nje iingizwe kwenye njia ya klasi, na hapa ndipo watu hukwama zaidi, kwa sababu kuna milango miwili inayofanana kwa sura na kutofautiana kwa matokeo. Mlango wa kwanza ni shared.loader katika faili la conf/catalina.properties, ambao huiongeza folda kwenye kipakiaji cha klasi (sehemu ya Java inayotafuta na kupakia klasi) kinachotumiwa na programu zote za seva. Kipakiaji cha klasi cha programu ya wavuti katika Tomcat hutafuta kwanza ndani ya WEB-INF/classes na WEB-INF/lib, kisha ndipo humuuliza mzazi wake. Kwa hiyo, ikiwa kifurushi kina mauzo.properties yake, hilo la ndani ndilo litakalosomwa, na la nje halitaguswa kamwe. Mbinu hii hufaa tu pale ambapo kifurushi hakina faili lenye jina hilo.

Mlango wa pili ulikuja na Tomcat 8, ambayo iliunda upya namna seva inavyosoma rasilimali za programu. Ndani ya faili la muktadha huandikwa hivi:

```xml
<Resources>
  <PreResources
      className="org.apache.catalina.webresources.DirResourceSet"
      base="/etc/mauzo/kaskazini"
      webAppMount="/WEB-INF/classes"/>
</Resources>
```

Maelezo haya huipachika folda ya nje juu ya WEB-INF/classes, na kwa kuwa ni PreResources, hutafutwa kabla ya yaliyomo ndani ya kifurushi. Faili la nje hushinda. Ukitaka kinyume chake, yaani kifurushi kishinde na folda ya nje ijaze mapengo tu, hutumika PostResources. Isitoshe, upachikaji huu unaihusu programu moja pekee, hivyo kaskazini na kusini zinaweza kuwa na folda tofauti. Katika matoleo ya 6 na 7 kazi kama hiyo ilifanywa na VirtualWebappLoader, ambayo iliondolewa katika toleo la 8, na maelekezo ya zamani yanayoitaja hayana faida tena.

Wanaotumia Spring Boot, mfumo wa kutengenezea programu za Java, wanaweza kuhisi kwamba haya yote yameshatatuliwa kwa niaba yao, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Mfumo huo una mpangilio wa vipaumbele ulioandikwa wazi: faili la application.properties lililo nje hushinda lile lililofungashwa, vigeu vya mazingira hushinda mafaili, sifa za mfumo hushinda vigeu vya mazingira, na thamani za JNDI huzishinda zote hizo. Hata hivyo, desturi ya kuliweka faili ndani ya folda ya config iliyo karibu na programu ilibuniwa kwa ajili ya programu inayowashwa yenyewe kwa java -jar. Programu hiyohiyo ikisakinishwa kama WAR ndani ya Tomcat, folda hiyo ya config hutafutwa katika folda ya kazi ya Tomcat, na tunarudi kwenye tatizo la njia isiyo kamili. Vigezo vya mstari wa amri navyo havipo tena. Kinachobaki ni kuitaja njia kamili kwa spring.config.additional-location, ambayo huongeza mahali pa kutafuta. Isichanganywe na spring.config.location, ambayo hufuta mahali pote pa kawaida na kuacha palipotajwa tu, kiasi kwamba hata application.properties iliyo ndani ya kifurushi haisomwi. Kwa wale wa upande wa MicroProfile Config, kanuni nyingine ya usanidi kwa programu za Java, mpangilio wa vipaumbele umewekwa kwa namba: sifa za mfumo zina 400, vigeu vya mazingira vina 300, na faili la microprofile-config.properties lililofungashwa lina 100, na namba kubwa ndiyo yenye kushinda.

Faili la .properties lenyewe lina tabia ambazo wasimamizi wasioandika Java hawazijui, na ni haki yao kuambiwa. Nafasi zilizo mwishoni mwa mstari hazikatwi, hivyo nywila iliyonakiliwa ikiwa na nafasi moja nyuma yake itakataliwa na hifadhidata huku ikionekana sahihi machoni. Mkwaju wa nyuma huchukuliwa kama alama ya kuanzisha herufi maalumu, kwa hiyo njia ya Windows iandikwe kwa mikwaju ya mbele au mkwaju wa nyuma urudiwe mara mbili. Na Properties.load ikipewa InputStream husoma kwa usimbaji wa ISO-8859-1, siyo UTF-8. Ndiyo maana mfano wa hapo juu umetumia Reader.

Kuhusu usalama, faili la nje liwe mali ya root, kundi lake liwe lile la mtumiaji anayeendesha Tomcat, na ruhusa ziwe 640, ili seva iweze kulisoma bila kuweza kuliandika. Lisiwekwe mahali popote chini ya webapps, ambako linaweza kupakuliwa kwa kivinjari. Nywila yenyewe isipitishwe kwa -D, kwa sababu amri ya ps huonyesha mstari mzima wa kuwashia mashine pepe kwa watumiaji wengine wa kompyuta hiyo. Kinachopitishwa kiwe njia ya faili tu.

Programu nayo ina wajibu wake. Ikilikosa faili, au ikikosa thamani ya lazima ndani yake, ikatae kuwaka. Mahali pazuri pa ukaguzi huo ni contextInitialized ya ServletContextListener, ambapo kosa likitupwa Tomcat huacha kuianzisha programu na kuandika sababu kwenye logi. Kurudi kimyakimya kwenye thamani za msingi ni hatari kubwa kuliko kuanguka, maana programu ya matumizi halisi inaweza kuwaka ikiwa imeunganishwa na hifadhidata ya majaribio bila mtu kujua. Pia iandike kwenye logi njia kamili ya faili iliyolisoma, bila thamani zake. Mstari huo mmoja humaliza mabishano mengi kuhusu ni faili lipi lililotumika.

Baada ya faili kukaa nje, mtu huuliza kama programu inaweza kulisoma upya bila kuzimwa. Java ina WatchService, inayofuatilia mabadiliko ya mafaili, tangu toleo la 7, na kwa vitu vyepesi, kama kiwango cha logi au ukomo wa ukubwa wa nyaraka, inatosha kusoma faili lote jipya, kulikagua, kisha kubadilisha kitu kizima kwa mara moja ili pasiwe na ombi litakaloona nusu ya thamani za zamani na nusu ya mpya. Katika Kubernetes, mfumo wa kusimamia konteina, ConfigMap (hifadhi yake ya usanidi) iliyopachikwa kama folda hufuata mabadiliko baada ya muda mfupi, lakini iliyopachikwa kwa subPath, yaani faili moja moja, haibadiliki, na vigeu vya mazingira havibadiliki hadi podi (kundi la konteina linaloendeshwa pamoja) iwashwe upya. Anwani ya hifadhidata ni suala jingine: miunganisho iliyokwisha kufunguliwa haijui kwamba faili limehaririwa, na msimbo wa kuifunga na kuifungua upya katikati ya kazi huwa mgumu na wenye makosa kupita faida inayopatikana. Kwa thamani za aina hiyo, kuiwasha programu upya kunatosha.